Prado, karavani na kusi: dizeli yangu inaendaga wapi

Ni mwaka na kitu sasa tangu mimi na mke wangu tununue karavani, lile trela la kulala ndani, ya zamani lakini bodi nzima, tukang'oa vitanda tukaweka majiko ya gesi na sinki, na kazi yake ni kupikia harusi, kuanzia hapa Malindi mpaka Watamu, Kilifi na Mtwapa. Inayovuta ni Prado ya dizeli, injini 3.0, oto. Aliyeniuzia gari alinambia hata ukifunga trela nyuma utapata kilomita kumi kwa lita, nami nkamuamini nkapigia hesabu hiyo kumi, harusi ya kwanza ya Mtwapa nkamtoza mwenye shughuli dizeli ya lita 21. Tuliporudi nkajaza tenki, pampu ikakata kwa lita 37.9. Faida ya biriani yote iliingia kwenye lile tenki, wallahi iliniuma.

Tangu siku ile naandika kila kitu. Kidaftari kinakaa kwenye dashibodi na kalamu yake nimeifunga uzi isipotee. Najaza mpaka pampu ikate mara ya kwanza, hapo hapo namwambia kijana basi, usiongeze hata tone, alafu narudisha trip meta, ile ya kuhesabu kilomita za safari, sufuri. Nikirudi naenda pampu ile ile na gari nalisimamisha upande ule ule, manake likiinama kidogo tu tenki inakudanganya, na safari fupi fupi usizipime kabisa, kosa la lita moja kwenye kilomita 20 linaharibu hesabu yote.

Sasa namba. Prado peke yake, Malindi Mtwapa kwenda na kurudi, napata 10.5 kwa lita, kwa hivo muuzaji hakusema uongo wote, ila ile kumi ni ya gari tupu. Hata zile namba za kiwandani ni hivo hivo, gari inapimwa ndani ya chumba magurudumu yanazunguka juu ya rola, hakuna trela wala pepo la bahari. Safari ile ya kwanza na karavani nlikua nakwenda spidi 95, kilomita 212, ikatoka 5.6. Ya pili karavani ile ile na masufuria yale yale nkashika 75 tu, nkatumia lita 29.9, yaani 7.1. Lita nane zimebaki kwa kuondoa mguu, na njiani nlichelewa kama nusu saa hivi.

Mjomba alinambia, "Mwanangu huo ni uzito, punguza vyombo." Namheshimu sana mjomba kwa mambo ya magari lakini hili halikuniingia, basi nkaazima trela lake la bati, lile fupi la chini, nkapakia mifuko 30 ya saruji kupeleka Kilifi. Hapo ni kilo 1,500 bila trela lenyewe, kushinda karavani yangu na kila kilichomo. Ikatoka 8.0! Nkampelekea kidaftari akakiangalia muda mrefu, akasema, "Basi ni ule uso wake."

Na ndio hivo, karavani ni ukuta unaoburutwa. Inapanda juu ya paa la Prado na kutokeza pande zote mbili, na upepo hauongezeki sawa na spidi, ukienda mara mbili unakusukuma mara nne, kutoka 75 mpaka 95 tayari umeongeza kama asilimia 60. Alafu wenzangu wa bara hawana hili letu la kusi, pepo la kutoka kusini. Mwezi wa saba ukishuka kwenda Mtwapa linakuja kutoka baharini, mbele kushoto, unalisikia usukani unavuta, mke wangu anashika dashibodi tukifika daraja la Kilifi. Siku moja nlijaza pia Mtwapa ili nitenganishe, kwenda 5.7, kurudi na kusi mgongoni 7.5, gari moja siku moja. Kaskazi, pepo la kutoka kaskazini, likivuma mambo yanageuka, unateremka raha unarudi kwa tabu.

Uzito nao una mahali pake, ni kwenye matuta. Gede, Matsangoni, Tezo, kila tuta unasimamisha mzigo wote alafu unauanzisha upya, hapo ndio mjomba ana haki. Kwa hivo tenki la maji tunasafiri nalo tupu, lita 80 ni kilo 80, na maji tutayapata huko huko kwenye shughuli. Tairi napima presha asubuhi zikiwa baridi, za karavani pia, watu huzisahau hizo. Na gia ya juu kabisa siiachi iingie, ikiingia inatoka inaingia inatoka, gia boksi inapata moto na dizeli inakwenda bure.

Mteja sa hizi namtozea 6 kwa lita, kusi likiwa kali na shughuli iko Mtwapa natoza 5.5, na akiuliza namfungulia kidaftari aone mwenyewe. Fundi ananikunjia bati la kuweka juu ya paa la Prado, limelala kidogo nyuma ili upepo upande juu usipige ule uso. Mwezi ujao tuna harusi Kilifi, ntapima kwenda na kurudi kwa 75 ile ile, alafu ntaweka namba hapa, liwe limesaidia au la.