Siku moja maishani mwangu: wakili aliyetoka polisi, anayetetea polisi na manispaa Marekani

Saa 12 asubuhi simu bado hazijaanza kulia, na huo ndio wakati wa kutazama video. Kesi ya nguvu kupita kiasi huanza na swali moja: askari alijua nini, na alikijua sekunde ipi? Msingi wake ni kesi ya Graham v. Connor ya mwaka 1989. Humo Mahakama ya Juu ilisema nguvu zilizotumika zipimwe kwa jicho la afisa mwenye busara aliyekuwa pale pale, wala si kwa jicho la mtu anayejua kisa kiliishaje. Ilitaja mambo 3 ya kuangaliwa: uzito wa kosa lililoshukiwa, kama mtu alikuwa hatari ya papo hapo kwa askari au kwa wengine, na kama alikuwa akipinga kukamatwa au akijaribu kukimbia.

Video huitazama kwa mpangilio. Kwanza bila sauti, macho yafuate mikono na miguu tu. Kisha sauti peke yake, skrini imezimwa, kwa sababu amri inayotolewa na askari 3 kwa mpigo mara nyingi haisikiki kama amri, ni kelele. Mwisho naiweka sambamba na kumbukumbu za chumba cha mawasiliano na kujaza jedwali la safu 4: muda, chanzo, kilichosemwa au kufanyika, na nani alikisikia au kukiona.

Safu ya nne ndiyo yenye kesi. Mpokea simu ya dharura anaweza kuambiwa kwamba mtu ana kisu, akaandika kwenye kompyuta, lakini sentensi hiyo isitamkwe redioni. Au ikatamkwa wakati askari mwingine amebonyeza kitufe, mawimbi yakagongana na maneno yakapotea. Ukiandika kwamba “polisi walijua ana kisu” bila kuonyesha ni askari yupi aliyesikia, wakili wa mdai ataivunja hoja hiyo kwa swali moja tu.

Muda nao hudanganya. Saa ya kamera, ya chumba cha mawasiliano na ya bastola ya umeme (Taser) haziendi sawa kila mara, na tofauti ya sekunde chache inaweza kuonyesha risasi imetangulia onyo. Tafuta tukio moja linalosikika kwenye vyanzo vyote, kwa mfano mlango kupigwa teke, ulifanye nanga, upange mengine kulizunguka. Kamera nyingi za kifuani huhifadhi picha za sekunde chache kabla ya kuwashwa, kwa kawaida 30, tena bila sauti. Ule ukimya wa mwanzo si askari kuzima sauti, na jopo la raia watakaoamua kesi lazima lielezwe hivyo mapema. Kwa Taser, mbonyezo mmoja wa kawaida ni sekunde 5. Rekodi ya kifyatulio inaonyesha kilibonyezwa lini na kwa muda gani. Peke yake haithibitishi kwamba umeme ulipita mwilini, maana umeme hupita kati ya mishale 2, na mmoja ukinasa kwenye koti nene hakuna mzunguko.

Hapa ndipo uaskari wa zamani unapofaa. Mtu aliyefanya doria anajua redio huzibaje, pingu hufungwaje kwa mtu anayejipindua, na kwa nini askari anayepigana hasikii anachoambiwa. Hatari yake ni kujaza mapengo kwa uzoefu wako. Kila kisanduku cha jedwali kiwe na chanzo. Kisicho na chanzo kibaki wazi.

Saa 2 asubuhi hufunguliwa hati mpya za madai. Nyingi huja chini ya Kifungu namba 1983, sheria ya mwaka 1871 inayomruhusu mtu kumshtaki aliyetumia mamlaka ya serikali ya jimbo au ya mtaa kuvunja haki zake za kikatiba. Kwanza kalenda: siku 21 za kujibu tangu kukabidhiwa hati, au siku 60 tangu kutumwa ombi la kupokea hati bila kukabidhiwa rasmi, mdaiwa akilikubali ili kuokoa gharama. Pili, na haingoji hata saa moja, barua ya kuhifadhi ushahidi.

Barua hiyo ndiyo inayoharibika zaidi. Wengi humwandikia mkuu wa polisi peke yake. Mkuu haendeshi mitambo ya kuhifadhi data, na mfumo unaofuta video zenyewe kwa ratiba unaendelea kufuta. Nakala iende kwa anayesimamia kompyuta za jiji, kwa chumba cha mawasiliano, kwa wasimamizi wa mahabusu na kwa karakana ya magari. Taja kitu kwa kitu: video za askari wote waliofika, hata aliyekuja mwishoni kuzuia msongamano, kamera za magari, sauti za redio, rekodi za Taser, kamera za korido ya mahabusu, ujumbe wa simu, zikiwemo simu binafsi zilizotumika kazini, kumbukumbu za mafunzo, na mwongozo wa matumizi ya nguvu kama ulivyosomeka siku ya tukio, si ule uliorekebishwa baadaye. Data ikipotea na jaji akaona ilipotezwa kwa nia ya kumnyima mwenzako ushahidi, Kanuni ya 37(e) ya mwenendo wa kesi za madai inamruhusu kuliambia jopo lichukulie kwamba data hiyo ingewaumiza walioipoteza. Kesi nzuri imezama hapo.

Saa 3 na nusu ni suala la nani hasa ni mteja. Hati imetaja jiji na askari, na jiji linataka wakili mmoja awatetee wote ili kupunguza gharama. Tangu kesi ya Monell ya mwaka 1978, jiji haliwajibiki kwa sababu tu limemwajiri aliyekosea. Mdai athibitishe sera, desturi, au kasoro ya mafunzo iliyofikia kiwango cha kutojali kabisa, kama ilivyofafanuliwa katika City of Canton v. Harris (1989). Kwa upande mwingine, Owen v. City of Independence (1980) ililinyima jiji kinga ya nia njema. Askari ana kinga ya kutodaiwa pale haki iliyovunjwa haikuwa imewekwa wazi kisheria, jiji halina. Jiji linaweza kusema alikiuka mwongozo, naye anaweza kusema alifanya alivyofundishwa. Fidia ya kuadhibu haitozwi jiji, kwa uamuzi wa mwaka 1981, ila askari anaweza kutozwa mfukoni mwake.

Kwa hiyo askari huonwa peke yake, mwanasheria wa jiji hayupo chumbani, na anaelezwa hayo yote kwa lugha ya kawaida kabla ya kutia sahihi ridhaa ya kutetewa na wakili mmoja na jiji. Katika Dunton v. County of Suffolk (1984) wakili wa kaunti, akiwa anamwakilisha askari, aliliambia jopo kwamba mtu huyu alitenda kama mume mwenye hasira, si kama polisi. Hoja hiyo iliiokoa kaunti na kumtosa mteja wake, na mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu. Dalili ya mgongano ikionekana, askari apewe wakili wake siku hiyo hiyo. Akiwa pia anachunguzwa kwa jinai, ombi la kusimamisha kesi ya madai litangulie, kwa kuwa kunyamaza kwake kwenye kesi ya madai kunaweza kutafsiriwa dhidi yake. Maelezo aliyolazimishwa na mwajiri kuyatoa hayatumiki kumtia hatiani, kwa ulinzi wa kesi ya Garrity ya mwaka 1967, lakini wakili wa mdai kwa kawaida huyapata.

Saa 5 hadi saa 7 ni kumwandaa askari kwa mahojiano ya kiapo, ambayo kwa kanuni ni siku moja, jumla ya saa zisizozidi 7. Tatizo kubwa ni lugha ya ripoti. “Nilitumia nguvu stahiki kumdhibiti mtuhumiwa” ni hitimisho. Halimwambii mtu chochote. Mkono wa kulia wa mtu ulikuwa wapi? Kiganja kilielekea wapi? Goti lako lilikaa sehemu gani ya mgongo, na lilitoka lini? “Nilihofia maisha yangu” bila kitu kilichoonwa nyuma yake husikika kama sentensi ya kukariri, na wanaoisikiliza wanalijua hilo. Umbali usikadiriwe kwa kubahatisha. Upimwe kwa vitu vilivyopo, kama urefu wa gari. “Sikumbuki” isemwe pale tu ambapo ni kweli. Pia aelewe kwamba kamera imeona kutoka kifuani, si machoni: inaweza kuona gizani tofauti na yeye na haigeuki anapogeuza kichwa. Aeleze tofauti hiyo kwa utulivu bila kugombana na video. Scott v. Harris ya mwaka 2007 iliweka wazi kwamba simulizi inayopingwa waziwazi na video haipokelewi, na panga hilo linakata pande zote.

Chakula, kisha kuandika muda niliotumia kwa kila kazi ili ulipwe. Saa imegawanywa vipande 10 vya dakika 6, na bima ya jiji hukataa kulipa kipande kilichoandikwa “kupitia faili”.

Saa 8 mchana hadi saa 10 mlango umefungwa: ombi la hukumu bila kesi kwenda kwenye jopo, kwa msingi wa kinga ya askari. Maswali ni 2, na tangu Pearson v. Callahan (2009) jaji anaweza kuanza na lolote: je, haki ya kikatiba ilivunjwa, na je, haki hiyo ilikuwa imewekwa wazi siku ya tukio na kesi zenye mazingira yanayokaribiana? Kosa la kawaida ni kusimulia ukweli wa upande wa askari. Katika hatua hii ubishi wa ushahidi husomwa kwa manufaa ya mdai, na Tolan v. Cotton (2014) ilirudishwa chini kwa sababu hiyo hiyo. Andika kisa kama mdai angekiandika, halafu uonyeshe kwamba hata hivyo sheria haikuwa wazi. Ukishindwa kukiandika hivyo, ombi lako halina miguu. Likikataliwa kwa hoja ya sheria, rufaa ya haraka ipo ndani ya siku 30. Likikataliwa kwa sababu ushahidi unabishaniwa, Johnson v. Jones (1995) inaifunga njia.

Tangu Mei 2025 kuna jambo jingine. Barnes v. Felix ilikataa mtindo wa kupima sekunde ya tishio pekee. Mazingira yote yahesabiwe, pamoja na yaliyotangulia. Wanaotetea polisi wanapaswa kuacha kuanza jedwali pale silaha ilipochomolewa. Lianze simu ya kwanza ya dharura ilipopokelewa. Na kinga yenyewe si sawa kila jimbo: Colorado (2020) na New Mexico (2021) ziliweka sheria zao za haki za kiraia ambazo chini yake utetezi huo haupo.

Saa 10 na nusu, kikao cha faragha na viongozi wa jiji. Swali lisilokosekana: tukibadilisha mwongozo sasa, si tutakuwa tumekiri kosa? Hapana. Kanuni ya 407 ya ushahidi hairuhusu marekebisho ya baadaye yatumike kuthibitisha kosa. Kuacha mwongozo mbovu kwa hofu ya kesi moja ni kutengeneza ushahidi wa desturi kwa kesi ijayo, na kumwacha mtu mwingine aumie kwa kasoro ile ile. Hilo nalisema bila kulipamba, hata kama chumba hakikufurahi.

Saa 12 jioni ni barua ya thamani ya kesi, na hapa wakili anayewapenda polisi lazima awe mkweli zaidi. Si kila kesi inatetewa hadi mwisho. Mdai akishinda, Kifungu namba 1988 humpa pia ada ya mawakili wake, na ada inaweza kuimeza fidia: katika City of Riverside v. Rivera (1986) fidia ilikuwa dola 33,350, ada dola 245,456.25. Kama jedwali la asubuhi lina visanduku wazi katika sekunde zilizo muhimu, jiji lishauriwe kulipa mapema. Chombo chake ni ofa rasmi ya kumaliza kesi chini ya Kanuni ya 68 ya mwenendo wa madai, itolewe angalau siku 14 kabla ya kesi kusikilizwa, na mdai ana siku 14 za kuikubali. Akiikataa kisha akapata pungufu, Marek v. Chesny (1985) inamnyima ada ya kazi yote iliyofuata. Ofa iseme wazi kwamba kiasi kilichotajwa kinajumuisha gharama na ada zilizokwisha kutumika. Ikinyamaza, mahakama huziongeza juu yake.