Padri Mushi, na majibu yaliyowahi kabla ya uchunguzi

Padri Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi asubuhi ya Jumapili, tarehe 17 Februari 2013, nje ya kanisa la Mtakatifu Teresia, Beit el Raas, pale Mtoni, Zanzibar. Alikuwa amekuja kusalisha misa ya Jumapili ya kwanza ya Kwaresma. Mie nauza chapati na maharage njia ya kwendea Bububu, na wateja wangu wa Jumapili wengi ni waumini wa kanisa lile. Jua halijapanda, wazee wa barza ya jirani walikuwa na jibu lao tayari: "Siasa tu hizo. Katumwa mtu aje kutuchafua." Adhuhuri akanipigia shemeji yangu wa Dar es Salaam, naye ana lake: "Waislamu wa huko sasa mnaua mapadri."

Muuaji hajulikani, lakini sababu yake kila mtu kashaijua!

Jibu la barza lilinikera zaidi, kwa kuwa hao ni watu wangu. Ikiwa ni siasa, mbona aliyechaguliwa ni padri, siku ya Jumapili, mlangoni mwa kanisa? Krismasi iliyotangulia, tarehe 25 Disemba 2012, Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi Tomondo, Mungu akamnusuru. Mwaka huohuo makanisa yalichomwa moto hapa Unguja. Na maneno tuliyasikia. Vipeperushi vilipita mikononi mwetu, tukavisoma, tukavikunja tukatia mfukoni, hapana aliyesimama kusema haya ni haramu. Kusema chuki ya dini haimo kabisa ni kujitakasa tu.

Lakini na shemeji yangu simpi haki. Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Ofisi ya Mufti, alimwagiwa tindikali asubuhi akifanya mazoezi, hata akapelekwa India kutibiwa. Huyo ni sheikh! Oktoba, katika zile ghasia za Uamsho, jumuiya ya mihadhara ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, askari polisi aliuawa kwa mapanga. Ukiyaweka yote pamoja, huoni Waislamu upande mmoja na Wakristo upande wa pili. Mie naona watu wachache waliotaka sote tuogopane, na walipomlenga padri walijua fika kwamba tutagawanyika wenyewe bila kusukumwa.

Tukagawanyika kweli. Jirani yangu, mama wa Kichaga, muuguzi, ambaye watoto wake wamekula daku kwangu kila Ramadhani, alikaa ndani siku mbili. Nilipobisha hodi alichungulia dirishani kwanza. Nikamwambia, "Mama, ni mie, nimekuja kukupa pole." Akafungua, akalia, kisha akaniuliza kwa nini wanaume wa mtaani hawajaja. Sikuwa na la kumjibu, maana barza iko hatua chache tu kutoka mlangoni kwake na wote walikuwapo. Hawakuwa na ubaya naye. Waliona kwenda kutoa pole ni kama kukiri kosa.

Padri alisaliwa kanisa la Minara Miwili, Shangani, akazikwa Kitope. Mwezi wa Machi polisi wakatoa mchoro wa sura ya mtu wanayemtafuta, na kwa wiki kadhaa kila kijana mgeni mtaani alifananishwa nao. Aprili mtu mmoja akafikishwa mahakamani kwa kesi ya mauaji. Huko ndiko sababu ya muuaji inakotakiwa kuthibitishwa, kwa mashahidi na vielelezo. Hapana mzee wa barza wala shemeji yangu mwenye kazi hiyo. Kazi yetu sisi ilikuwa nyengine: kusema tulichokisikia kabla ya risasi, na kwenda kwa jirani baada yake.

Septemba mwaka uleule Padri Joseph Anselmo Mwangamba akamwagiwa tindikali hapa mjini. Barza ikasema siasa. Shemeji akapiga simu.

Kila nikilitaja jina la Padri Mushi huambiwa naamsha yaliyolala. Nalitaja kwa kuwa yule mama alihamia Bara mwaka uliofuata na wanawe, na wale wazee bado wananunua chapati kwangu, na hapana hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini aliondoka.