Maneno manne kwenye kadi

"Sasa, mwanangu, miaka miwili yote hii nilikuwa namnyima samaki bure?"

Tangu Jumanne swali la bibi halinitoki. Harusi ya mdogo wangu imepita Alhamisi, imefana alhamdulillahi, na mimi nimekaa ukumbini nalisikia hilohilo.

Mjukuu wake nilimtibu miaka miwili iliyopita, mzio (aleji) wa kamba wa kukaanga: dakika 15 tu baada ya kula, midomo imevimba, vipele mwili mzima, kifua kinapiga filimbi. Siku ya kumruhusu nikaandika kwenye kadi: "Aepuke vyakula vya bahari." Maneno manne, mwandiko wangu. Bibi akayashika kama amri. Nyumba ya mvuvi, wenzake wanagawana samaki aina ya changu, yeye wali na maharage.

Kamba, kaa na kambamti ni ukoo mmoja. Protini yao inayoleta balaa ni tropomayosini, na moto hauivunji, kwa hiyo hata ukimchemsha kamba mpaka akakauka haisaidii. Samaki ana yake nyingine kabisa, pavalbumini. Pweza, ngisi na chaza wanayo tropomayosini lakini haifanani sana na ya kamba, ndiyo maana kila mmoja hupimwa peke yake. Madini joto (ayodini) ya vyakula vya bahari hayahusiki na mzio huu hata kidogo.

Jumanne tukafanya kilichopaswa kufanywa tangu mwanzo. Setirizini, dawa yake ya mzio, tuliisimamisha siku 7 kabla ya kumpima ngozi, maana ikiwa bado mwilini ngozi haisemi kweli. Upande wa ndani wa mkono, tone la histamini, ambayo huvimbisha ngozi, na tone la maji ya chumvi, yasiyovimbisha, ya kulinganishia. Kisha lanseti, kisindano kidogo, inachomwa kwenye kamba mbichi na papo hapo kwenye ngozi. Lanseti mpya kwa kamba wa kuchemsha, nyingine kwa pweza, nyingine kwa changu. Tukangoja dakika 15, bibi akiukodolea mkono ule kama anayetafuta mwezi mwandamo. Kamba mbichi, kinundu cha milimita 8. Wa kuchemsha, 7. Kwenye changu na pweza, ngozi imelala. Kinundu kikizidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 tunakihesabu, ila peke yake hakitoshi: wapo wenye mzio wa vumbi la nyumbani au mende ambao ngozi huwavimba kwa kamba na wanamla salama. Alichokula na kilichomtokea ndicho kinachoulizwa kwanza.

Hapo ndipo bibi aliponiuliza. Nikamjibu, "Tulikuwa tunajihadhari, bibi." Tulikuwa! Nani mwingine aliyeandika?

Kesho yake akaja na changu wa kuchemsha kwenye hotipoti. Tukaanza na kipande kama punje ya mahindi, kila dakika 20 tunaongeza, adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, iko mezani tayari. Bibi alichambua miba kwa vidole vitatu, kila tonge analipapasa mara mbili. Raundi ya nne mtoto akasema, "Bibi, na kichwa je?" Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Tukamkalisha saa 2 zaidi. Salama.

Kadi mpya nimeijaza pande zote mbili. Kamba, kaa, kambamti na uduvi, hapana. Dagaa wakavu wachambuliwe, vijikamba huchanganyika humo. Mafuta yaliyokaangia kamba yasimkaangie kitu kingine, na sufuria ya kamba ikifuka mvuke akae mbali. Samaki, ale. Ana kilo 20, basi akipatwa tena, adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita ni mililita 0.2, kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Dakika 5 zikipita bila nafuu, irudiwe. Bomba la sindano la mililita 1 nimelichora mstari kwa wino mwekundu. Alazwe, miguu juu. Akihema kwa shida akae, asisimamishwe, na apelekwe hospitali hata akipata nafuu. Piriton hutuliza muwasho tu, koo haifungui. Adrenalini ikigeuka rangi ya kahawia itupwe.

Jumanne ijayo wanarudi kwa pweza. Kabla ya tonge la kwanza nitamwambia: nilikosea, bibi, niwie radhi.

Maharusi wamepanda boti ya Pemba asubuhi. Kusi imechachamaa, na simu zote mbili hazipatikani mpaka saa hii.