Kopo la dawa la bibi

Masika ya 2018, bibi akiwa na miaka 94, tulimteremsha barabarani kwa kiti cha mbao kilichofungwa miti miwili. Tulikuwa wanne, mimi nyuma kushoto. Kutoka kihambani kwetu, shamba letu la nyumbani huko Kibosho, Kilimanjaro, hadi gari linapofika ni mteremko wa nusu saa, na udongo wa kule ukilowa huteleza kama sabuni. Bibi alifumba macho njia nzima. Vidole vyake vilivyong'ang'ania kiti nakumbuka mpaka leo.

Gari la kukodi, kwenda Moshi na kurudi, shilingi 60,000. Hospitalini, dirisha la wazee, hatukulipa hata senti. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 tunaambiwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, nami nashukuru kwa hilo. Ila msamaha unaanzia dirishani, na bibi yuko kitandani, juu mlimani. Walimpima presha, wakauliza kama anatumia dawa, tukasema ndiyo. Wakampa nyingine.

Wiki mbili baadaye akawa anaanguka kila akisimama. Sikuthubutu kumbeba tena. Nilikwenda zahanati nikamwomba tabibu aje nyumbani. Haikuwa kazi aliyopangiwa, lakini Jumamosi jioni alifika kwa miguu, matope hadi magotini, mashine ya presha ndani ya mfuko. Alikuja na mkanda wa watoto wa kufunga mkononi, maana nilimwambia mkono wa bibi umekonda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Akampima ameketi. Kisha akamsimamisha, huku nimemshika kiunoni, akampima tena. Namba ya juu ilishuka kutoka 104 hadi 78.

"Bibi, naomba nione dawa zako."

Nikatoa kopo la Blue Band uvunguni. Akamwaga bahasha zote kitandani, akazisoma mojamoja karibu na taa. Tatu zilikuwa na miandiko mitatu tofauti, kila moja 1x1, na dawa ndani ni ileile ya kushusha presha. Kila tulikompeleka alipewa yake, na bibi, mtiifu wa dawa, alimeza zote tatu kila asubuhi.

Akamwachia bahasha moja. Bibi hakuanguka tena.

Tabibu akawa anapita kila mwezi, nasi tunamfungia ndizi za mtori. Desemba akahamishwa. Januari nilikishusha kile kiti kutoka darini, nikakagua kamba.