Mikono ya ZaSu Pitts: kipande cha Trina kimekubali

Kimekubali! Trina anashika sarafu zake kwa mwendo wa binadamu, vidole vyote vipo, hakuna kinachoyeyuka. Nimekirudia kipande hiki usiku kucha na bado sijakichoka.

Natengeneza video ya simulizi ya Kiswahili kuhusu ZaSu Pitts, mwigizaji wa Marekani, na kilichonikwamisha ni Greed, filamu ya Erich von Stroheim ya 1924. Trina, anayechezwa na ZaSu, anashinda dola 5,000 za bahati nasibu, kisha uchoyo unammaliza kidogo kidogo. Filamu ni bubu, kwa hiyo ZaSu anausema uchoyo huo kwa mikono: kidole mdomoni, viganja vinavyokumbatia dhahabu. Mchezeshe haraka kidogo tu, msiba wote unageuka kichekesho. Nakala yangu ilimchezesha kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, na kwa jicho langu tukio hili linataka 20.

Kufika 20 ndiko kulikonitoa jasho. Ndani ya mradi wa fremu 25, programu inarudia fremu moja baada ya kila nne: mkono unakwenda, unakwenda, unagota. Ukichanganya fremu jirani, kila kidole kinapata kivuli chake. Nikajaribu njia ambayo kila mtu anaisifu, ya kuiachia programu ibuni fremu za katikati. Usoni inapendeza. Vidole vikipishana juu ya sarafu zinazong'aa, viwili vinagandana kuwa kimoja. Chombo hicho sikitaki tena kwenye filamu za zamani, hata kiboreshwe vipi, kwa sababu kinamchezesha ZaSu miondoko ambayo hakuicheza.

Dawa imekuwa hesabu ya darasa la tatu: 20 inaingia kwenye 60 mara tatu kamili. Fungua mradi wa fremu 60, kila fremu ya asili ionekane mara tatu, basi. Hakuna kinachobuniwa, hakuna kinachogota.

Ila kwanza ilibidi kusafisha. Aliyeitengeneza nakala hii alipachika fremu za marudio ili 24 ifike 30. Kichujio cha mpdecimate kwenye ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, kilizitoa, lakini kikala na fremu halali pale Trina anapotulia, kwa kuwa kinafuta kila inayofanana na iliyotangulia. Tumieni kichujio kingine cha humo humo, decimate ya kawaida: inatoa moja tu katika kila tano, 30 inarudi 24 safi. ffmpeg haina sura ya kuvutia, lakini inafanya ulichoiamuru na haiongezi lake.

Nilipanga nisimulie mwaka kwa mwaka, kuanzia The Little Princess ya 1917 akiwa na Mary Pickford. Mpango huo nimeuweka kando, maana mikono hii imenikumbusha jambo la 1930. Katika filamu ya vita All Quiet on the Western Front, ZaSu ndiye aliyepewa nafasi ya mama wa askari Paul. Watazamaji wa onyesho la majaribio walikuwa wamezoea kumwona kwenye vichekesho. Alipotokea tu, wakacheka. Sehemu zake zikapigwa upya na Beryl Mercer. Inaniuma kila nikiifikiria. Mwigizaji aliyeibeba Greed mabegani alinyimwa huzuni kwa sababu alijua sana kuchekesha!

Kwa hiyo sasa nataka skrini mbili bega kwa bega: Trina upande mmoja, na upande wa pili zile filamu fupi za vichekesho za mtayarishaji Hal Roach alizocheza na mwigizaji mwenzake Thelma Todd kati ya 1931 na 1933, mikono ikipepea na macho yakiwa na wasiwasi. Hizo zina sauti, mwendo wake ni 24 bila ubishi, kwa hiyo hakuna kusingizia kasi. Mtazamaji aone mikono ni ileile, kisha aamue mwenyewe kama angecheka.

Kikwazo kipya: 24 haiingii kwenye 60 sawasawa. Najaribu mradi wa 120, 20 mara sita na 24 mara tano. Kompyuta inanguruma, ila klipu ya kwanza imeshatoka na mikono ya pande zote mbili inakwenda laini.