Jiwe la Bangwe

Jana jioni mwanangu mdogo kaja na kipande cha uzi mkononi, tiara lake limeenda zake, liko juu ya mwembe wa jirani. Lile la mfuko na njiti za fagio. Nikamuuliza imekuwaje, akasema tawi limekata uzi. Hakuniangalia usoni. Nikaupokea ule uzi, na kabla sijajua nafanya nini nikawa nimeupitisha mwisho wake kwenye kucha ya kidole gumba, polepole.

Aisee. Hapa Tabora maji makubwa tunayoyajua ni bwawa la Igombe, lakini ghafla nilikuwa Kigoma, juu ya majabali ya Bangwe, nina miaka kumi na mbili, na mjomba anapanda kuja nilipo.

Mjomba alikuwa na baiskeli. Likizo ile alikubali kunibeba baada ya kumsumbua wiki nzima, tukapita Kibirizi alfajiri kuchukua dagaa wabichi wa chambo, tukafika jua halijawa kali. Mshipi wangu ulikuwa nailoni imezungushwa kwenye chupa ya plastiki, ndoana moja, na nati ya gari badala ya chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoana. Ndoana niling'ang'ania kuifunga mwenyewe. Akaniambia, "Fundo lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, mjomba, nailoni ikikazwa kavu inajiunguza." Nikasema sawa, nikakaza kavu, si nina haraka.

Kurusha kulinisumbua kweli. Kushoto unashika chupa, mdomo wake uangalie ziwani ili mshipi ujivue wenyewe, kulia unabembeza nati mara moja, mbili, ya tatu unaachia. Ukiachia mapema nati inapanda juu kisha inarudi kukutafuta kichwa. Ukichelewa inapiga maji miguuni pako, chwaa, samaki wote wamepata taarifa. Na chupa ukiishika kichwa upande mshipi unakwama njiani, dagaa anachomoka kwenye ndoana anaendelea na safari peke yake. Hilo nililifanya mara nne. Mjomba kimya, anacheka kwa mabega tu.

Ya tano ikaenda. "Sasa vuta ule ulegevu wote, uukalishe kwenye kidole cha shahada. Usiwe kamba ya kuanikia nguo, usiwe uzi wa zeze. Akichukua, mpe. Akichoka, mdai." Akaondoka kwenda kwa wenye mtumbwi chini kule kuomba moto wa sigara.

Maji ya Tanganyika ukiwa juu ya jabali unaona mshipi unavyoshuka, mweupe, halafu kijani, halafu haupo. Kidole kikagongwa. Tk. Kimya. Tk tk. Halafu mshipi ukaanza kuondoka, haukuruka wala nini, unaondoka tu kama mtu aliyeamua, na mimi badala ya kumpa nikauzungusha kiganjani, mara tatu, nikaegemea nyuma. Ukakaza mpaka ukaanza kulia, sauti nyembamba kama mbu sikioni, vitone vya maji vinauruka, kiganja kimeshakuwa cheupe, na ziwa lenyewe kina chake kinafika mita 1,470, mi nilikuwa nataka kulivuta lote siku hiyo hiyo. Nikahisi kichwa cha samaki kinatikisika, kulia kushoto, mara mbili. Nikavuta zaidi.

Halafu nikakalia makalio.

Mjomba aliporudi nimeshaficha mkono unaotoka damu. "Jiwe," nikamwambia, "ndoana imenasa kwenye jiwe ikakata."

Hakusema kitu. Akauvuta mshipi, akaushika mwisho, akaupitisha kwenye kucha. Mshipi uliosagwa na jiwe unakwaruza, unausikia kabisa una vinyweleo. Ule ulikuwa laini kama wa dukani, na ncha yake imejikunja kama mkia wa nguruwe, yaani fundo limeteleza, halikukatwa na kitu. Akauangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jiwe hili," akasema, "linajua kufungua mafundo."

Akafunga ndoana nyingine, akailamba, akanirudishia chupa. Nyumbani mama alipouliza mkono umefanyaje, yeye ndiye aliyejibu: jiwe. Mpaka leo sijui alikuwa ananisitiri au ananicheka, na kuhusu samaki nimeshajiaminisha alikuwa kuhe, yule samaki mkubwa wa Tanganyika, kila mwaka anaongezeka kidogo. Siku hizi nina fimbo na rili, mshipi wa kuhimili kilo 6, breki ya rili naipima kwa mizani ya kuning'iniza ianze kuachia kwenye kilo 2 hivi, na bado samaki akivuta mkono unaenda kuikaza.

Uzi wa mdogo ulikuwa laini.

"Tawi kali hilo," nikamwambia. Tukaenda kwa jirani na upondo, tukalitoa tiara, nikakaa kibarazani kuunga uzi.

"Baba, mbona unaulamba?"