Nilivyowaonyesha wanafunzi breki inayorudisha umeme

Tangu habari za SGR zifike Tabora, darasa langu la fizikia halinipi nafasi. "Mwalimu, eti treni ya umeme ikifunga breki inazalisha umeme?" Nilieleza kwa chaki, hawakuamini, na siwalaumu.

Nikaenda gereji, nikapata mota ya feni ya rejeta ya volti 12. Kapasita sita (vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme), kila moja farad 10 na volti 2.7, zikaja na basi kutoka Dar. Nikaziunga mfululizo: volti zinajumlika hadi 16.2, lakini uwezo wa kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa farad, unashuka hadi 1.67. Baiskeli nikaipindua, ikasimamia kiti na usukani, na shafti ya mota niliyoivisha kipande cha tyubu ikagusa tairi la nyuma. Dayodi moja inazuia umeme usirudi kwenye mota.

Mwanafunzi anazungusha pedali kwa mkono, anaachia, nami nabonyeza swichi ya kuunga mota na kapasita. Kapasita zikiwa tupu gurudumu linakamatwa kwelikweli, spoku zinaanza kuonekana mojamoja, na volti kwenye multimita zinapanda. Nikiiruka dayodi kwa swichi ya pili, umeme unarudi kwenye mota na gurudumu linaanza kuzunguka lenyewe. Hapo kelele za wanafunzi mwalimu mkuu alizisikia.

Kilichonipa kazi ni kwamba kadiri kapasita zinavyojaa, breki inalegea. Volti za mota zikilingana na za kapasita, umeme haupiti tena na gurudumu linajiendea. Treni halisi ina kifaa cha elektroniki cha kupandisha volti, ili umeme uendelee kuingia hata mwendo ukishuka. Mimi sina, nikaweka balbu ya indiketa ya pikipiki: kapasita zikijaa nahamishia huko, balbu inawaka, gurudumu linapunguza mwendo. Treni nayo hufanya hivyo. Hifadhi ikishiba, umeme unaishia kuwa joto kwenye rezista, na breki za kawaida zipo kumalizia.

Hesabu ndiyo iliyowakamata. Treni ya tani 200 ikienda kilomita 72 kwa saa ina nishati ya megajuli 40, yaani uniti 11 hivi za LUKU. Hairudi yote, lakini treni ya mijini inasimama kila mara. SGR yetu inatumia waya wa volti 25,000 za AC (mkondo geu), ambao unaweza kupokea umeme wa breki. Reli nyingi za mijini ni za DC (mkondo mnyoofu): kama hakuna treni jirani inayovuta umeme wakati huo, mara nyingi umeme wa breki hauna pa kwenda. Ndiyo maana treni nyingine hubeba hifadhi, yaani kapasita au betri, humo humo ndani. Kapasita humeza haraka na huvumilia kujazwa mara nyingi mno. Betri hubeba zaidi. Japani, tangu 2014, treni ya betri inapita njia ya Karasuyama, kilomita 20 zisizo na waya, na breki zake huchangia kuichaji.

Ukijaribu, usichanganye chanya na hasi, usizidishe volti 2.7 kwa kila kapasita, na ukimaliza zimalizie umeme kwenye balbu kabla ya kuzishika.